Mama kijacho wa Nyanda za Juu, usitoke kliniki bila kujua namba ya damu yako

Wanawake wawili wanajifungua usiku mmoja, wodi moja, na kila mmoja anapoteza nusu lita ya damu. Aliyeingia leba na damu 12 kwa kipimo cha wingi wa damu anaomba uji. Aliyeingia na damu 7 anatoka jasho la baridi, moyo unamwenda mbio, na wauguzi wanahangaika kutafuta mshipa huku mwingine amekimbia maabara. Damu iliyomwagika ni kiasi kilekile. Kilichowatenganisha kilianza miezi mingi nyuma, kliniki, na pengine hakuna aliyekiona.

Ndiyo maana upungufu wa damu wa mimba na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua nayaandika hapa kama jambo moja. Mara nyingi tunayatenganisha: la kwanza tunalifanya suala la mboga za majani, la pili tunalifanya ajali ya leba. Kwa huku kwetu, kuanzia Tukuyu hadi Mufindi, kuyatenganisha kunagharimu maisha ya watu.

Namba yenyewe

Kipimo cha wingi wa damu, ambacho wengi tunakiita HB, kinahitaji tone la damu ya kidoleni na dakika chache tu. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Chini ya 7 ni upungufu mkali, na huyo anatakiwa hospitali, haendi nyumbani na pakiti ya vidonge.

Kuangalia weupe wa ndani ya kope, ulimi, kucha na viganja kunasaidia pale ambapo mashine haipo au vichombo vyake vya kuwekea tone la damu vimeisha. Lakini jicho linawaona wale ambao hali imeshakuwa mbaya. Mwenye damu 9 mara nyingi anaonekana mzima kabisa, analima, anabeba maji, na uchovu wake unasingiziwa mimba.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tunaishi juu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini ni zaidi ya 1500, Njombe inakaribia 2000, na vijiji vingi vya Makete viko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, kwa hiyo mwili unajiongezea chembe nyekundu ili upate oksijeni ya kutosha. Maana yake HB ya mtu wa Makete inatakiwa iwe juu kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam ili wote wawili wawe sawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema ukipima mtu anayeishi kati ya mita 1500 na 1999, utoe 1.1 kwenye jibu kabla ya kulilinganisha na kigezo. Kati ya mita 2000 na 2499 utoe 1.4. Mama wa wiki 32 anayeishi Mbeya mjini akipata 11.6, ukitoa 1.1 inabaki 10.5. Huyo ana upungufu wa damu, ingawa kwenye karatasi 11.6 inapendeza. Wa Kyela, karibu na ziwa, kwake marekebisho ni madogo sana au hayapo kabisa.

Sisemi uende kliniki kugombana na muuguzi. Uliza tu kwa upole: "Nesi, HB yangu ni ngapi leo, na ile ya mwanzo ilikuwa ngapi?" Hakikisha namba zote mbili zimeandikwa kwenye kadi. Neno "iko vizuri" halitamsaidia daktari atakayekupokea saa nane usiku.

Kwa nini mwenye damu kidogo ndiye anayetoka damu nyingi

Mtu angedhani aliye na damu chache atatoka chache. Inakuwa kinyume. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, kwenye ukuta wa mji wa mimba panabaki kidonda kikubwa chenye mishipa iliyo wazi. Mimba ikiwa imekomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Kinachoifunga mishipa hiyo ni misuli ya mji wa mimba yenyewe: ikisinyaa inaibana. Msuli unahitaji oksijeni ili ufanye kazi, na oksijeni inabebwa na chembe nyekundu. Chembe zikiwa pungufu, msuli unachoka mapema na unalegea. Isitoshe, chembe nyekundu zikiwa nyingi huzisukuma chembe sahani kwenye kingo za mshipa, mahali zinapotakiwa kuziba tundu. Damu ikiwa nyepesi, kuganda nako kunazorota. Juu ya yote hayo, hana akiba.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, uliofanyika Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia kwa wanawake waliojifungua kwa njia ya kawaida wakiwa na upungufu wa damu wa kati au mkali, ulionyesha kwamba kadiri HB inavyoshuka ndivyo damu inavyotoka kwa wingi zaidi. Wenye upungufu mkali walikuwa kwenye hatari ya kufa au kuponea chupuchupu karibu mara saba ukilinganisha na wenye upungufu wa kati. Utafiti huohuo ulijaribu kuwapa wanawake sindano ya asidi ya traneksamiki mapema, kabla hawajaanza kutoka damu nyingi, kuona kama itazuia. Haikuzuia. Sindano hiyo inaokoa maisha pale damu inapokuwa tayari inatoka, lakini haizibi pengo la mtu aliyeingia leba akiwa na damu 6.

Hesabu ya wiki

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mimba moja inahitaji takriban miligramu 1000 za madini chuma kwa jumla, na sehemu kubwa inahitajika baada ya wiki ya 28. Kidonge cha kuongeza damu cha kliniki, kile cha chuma na foliki tunachokiita fefo, kina miligramu 60 hivi za chuma halisi, na mwili unafyonza sehemu ndogo tu ya hizo. Kwa mtu anayemeza kila siku bila kuruka, HB hupanda takriban gramu moja katika wiki tatu hadi nne.

Piga hesabu. Mwenye 8 anayetaka kufika 11 anahitaji wiki tisa hadi kumi na mbili. Akigundulika wiki ya 16, ana muda wa kutosha na ziada. Akigundulika wiki ya 36, vidonge peke yake havitamfikisha. Anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita kwa sababu "bado haijaonekana" au kwa sababu anaona aibu, anazitupa wiki ambazo haziwezi kununuliwa baadaye. Nenda kabla ya wiki ya 12, na HB ipimwe tena karibu na wiki ya 28 na ya 36.

Kwa kinga, ni kidonge kimoja kila siku. Kwa aliyekwisha pungukiwa, kawaida ni miligramu 120 za chuma kwa siku, yaani viwili, kisha kipimo kinarudiwa baada ya wiki nne. Kama amemeza kweli na namba haijasogea, usiongeze vidonge kwa kubahatisha. Tafuta sababu nyingine. Na kama muda umebaki mdogo au tumbo limekataa vidonge kabisa, kuna chuma cha kuwekwa kwenye mshipa. Hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, hospitalini, mgonjwa akiangaliwa, kwa sababu wachache hupata mzio. Ukifika wiki ya 32 na damu 8, uliza kuhusu huduma hiyo na wapi inapatikana. Usingoje wakutajie wao.

Kichefuchefu, kufunga choo na choo cheusi ndivyo vinavyowafanya wengi vidonge viishie chini ya godoro. Choo cheusi hakina madhara yoyote. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku unapokwenda kulala, na ikibidi baada ya chakula kidogo. Kufunga choo kunahitaji maji, mboga na matunda. Maparachichi ya Rungwe na Njombe yanafanya kazi hiyo vizuri. Vikikushinda kabisa, rudi useme, ubadilishiwe aina au dozi. Kunyamaza ndiko kunakoua, maana kadi itaendelea kuandikwa "amepewa".

Chai

Huku kwetu chai ni ya shambani. Tukuyu wanailima, Mufindi wanailima, Lupembe wanailima, na asubuhi yenye baridi ya Juni hakuna atakayekuambia uache kikombe. Ila majani ya chai yana tanini zinazoishika chuma tumboni isifyonzwe. Kidonge kikimezwa na chai ya rangi, au chai ya maziwa, sehemu kubwa inapita bure. Weka nafasi: kidonge usiku kwa maji, chai asubuhi. Na chai isiandamane na mlo wa maharage au dagaa; iwe saa moja au mbili mbali. Kahawa vilevile. Dawa za kiungulia na vidonge vya kalsiamu navyo vimezwe muda tofauti na chuma.

Kwa chakula, chuma kinachofyonzwa vizuri kiko kwenye nyama, maini, samaki na dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa ni chakula kizuri na bei yake inavumilika. Maini yasiliwe kila siku miezi ya mwanzo, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno. Maharage, figiri, majani ya maboga na mchicha vina chuma pia, ila kinafyonzwa kidogo, na kinapanda ukiweka ndimu, nyanya mbichi, chungwa au pera kwenye mlo uleule. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake kunasaidia.

Juisi ya rozela na ya bitruti hazikatazwi, lakini rangi nyekundu si damu. Mama anayekunywa glasi ya rozela asubuhi na jioni huku fefo zimekaa kabatini hajatibiwa. Na udongo, ile pemba inayouzwa sokoni kwa mafungu: unaishika chuma tumboni kama chai inavyofanya, na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Hamu yenyewe ya kula udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Ukiikuta hamu hiyo, ichukulie kama sababu ya kwenda kupima.

Damu inayovujia kwingine

Kuna wanaomeza vizuri na wanakula vizuri na bado HB inashuka. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Mjamzito hupewa dawa ya minyoo, dozi moja, baada ya miezi mitatu ya kwanza, na viatu shambani ni sehemu ya tiba. Kichocho kipo kwa wanaoingia kwenye maji ya ziwa na ya mabwawa. Malaria huku juu ni kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo: mwanamke wa Njombe au Makete hana kinga kubwa, akishuka Usangu kwa kazi za mpunga au Kyela kwa msiba anarudi na malaria inayomaliza damu kwa siku chache. Chandarua atembee nacho. SP, vidonge vya kukinga malaria kwa mjamzito, ianze baada ya miezi mitatu ya kwanza, imezwe mbele ya muuguzi, na kila dozi ipishane na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Tahadhari moja ya dukani: foliki ya miligramu 5 inadhoofisha SP. Ile iliyo ndani ya fefo, miligramu 0.4, haina tatizo.

VVU navyo vinapunguza damu, na mikoa yetu inaongoza: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Anayetumia dawa vizuri anaweza kujifungua salama kabisa, ila HB yake ifuatiliwe kwa karibu zaidi, na kama yuko kwenye septrini asipewe SP. Selimundu, mimba zilizofuatana bila kupumzika na mimba ya mapacha pia ziko kwenye orodha hiyo.

Wiki ya 36: mpango, kwa majina

Kama HB bado iko chini, usijifungulie zahanati isiyo na damu, hata kama iko jirani na nesi wake mnaelewana. Kutoka vijiji vya Ludewa, Ileje au Makete hadi hospitali inayoongeza damu, masika inaweza kuwa nusu siku ya tope. Chembe zako hazitasubiri. Uliza kama hospitali ina nyumba ya wajawazito kusubiria, ile wanayoiita chigonella, na uhamie wiki mbili au tatu kabla.

Baba wa mtoto, hapa ndipo kazi yako. Ujue kundi la damu la mkeo. Tafuta ndugu wawili au watatu wenye miaka 18 na zaidi, kilo 50 au zaidi, wachangie mapema kwenye kituo cha damu salama au hospitali. Wanaume wanaweza kuchangia kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Chupa moja humpandisha mgonjwa takriban gramu moja tu, kwa hiyo aliyevuja sana hatoshelezwi na moja. Weka namba 115 kwenye simu: ni ya bure, ya m-mama, inaita gari la wagonjwa au dereva jamii ampeleke mama. Pesa ya nauli iwepo ndani, isitegemee mahindi yauzwe kwanza.

Na dawa za kienyeji za kuongeza uchungu, hata zikiletwa na bibi kwa upendo, zisinywewe. Hakuna anayejua zina nguvu kiasi gani, na mji wa mimba uliosukumwa kupita kiasi unaweza kupasuka, au ukachoka na kulegea mtoto akishatoka.

Saa mbili za mwanzo

Mtoto akitoka, mkunga anapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha ndani ya dakika moja anachoma oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, uniti 10 kwenye msuli. Dawa hii hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Baridi ya Mbeya si friji. Chumba cha nyuzi 18 ni joto kwa oksitosini, na chupa iliyokaa wiki kadhaa juu ya meza ya leba inaweza kuwa imepoteza nguvu huku maji yake yanaonekana safi vilevile. Kituo chenye umeme wa kukatika kinahitaji friji ya sola, au kabetosini isiyoharibiwa na joto. Mahali ambapo hakuna sindano, misoprostoli vidonge vitatu vya mikrogramu 200 humezwa, lakini kamwe, kamwe kabla mtoto wa mwisho hajatoka.

Kitovu kisikatwe haraka. Dakika moja hadi tatu zinampa mtoto akiba ya chuma. Kondo likichelewa, lisivutwe kwa nguvu: linaweza kukatika, au mji wa mimba ukageuka nje.

Kisha tumbo lipapaswe kila robo saa kwa saa mbili. Chini kidogo ya kitovu unatakiwa kuukuta mji wa mimba ukiwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo vizuri. Ukiukuta laini, sugua kwa duara mpaka ukaze, na mama akojoe, maana kibofu kilichojaa kinauzuia kusinyaa. Mama mwenyewe anaweza kufundishwa kupapasa, na hata wifi aliyemsindikiza.

Kukadiria damu kwa macho kunadanganya, karibu kila mara kwa kupunguza, kwa sababu kitenge na khanga vinafyonza na kuficha. Ndiyo faida ya ile karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari inayowekwa chini ya mama. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukatolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kupima damu kwa karatasi hiyo na kutoa tiba zote kwa mkupuo mmoja kulipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Mkupuo huo ni kusugua tumbo, oksitosini, traneksamiki gramu moja kwenye mshipa, dripu, na kukagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Traneksamiki ina maana ndani ya saa tatu, na kila robo saa inayopotea inapunguza faida yake. Kwa mwenye upungufu wa damu, mstari wa mililita 500 usisubiriwe: mililita 300 pamoja na mapigo ya moyo yanayokimbia au presha inayoshuka zinatosha kuanza tiba.

Nyumbani, pedi au kitambaa kinacholowa chepechepe chini ya saa moja, mabonge makubwa, kizunguzungu ukisimama, au damu iliyokwisha pungua ikarudi kwa wingi na harufu mbaya au homa, hata wiki ya tatu, ni safari ya kurudi hospitali saa hiyohiyo. Fefo ziendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na HB ipimwe tena kwenye mahudhurio ya wiki ya sita, siku ileile mtoto anapopelekwa kliniki, na mpango wa uzazi uzungumzwe papo hapo ili mimba nyingine isiingie kabla ya miaka miwili.